Mwalimu Aliyeogopa Ziwa

Mwalimu wetu wa sayansi aliogopa maji. Simaanishi maji ya kunywa au ya kufulia. Aliogopa maji mengi, yale ambayo ukisimama kandoni huoni ng'ambo. Kwao kulikuwa upande wa Wakuria, huko juu Migori kunakolimwa mahindi na tumbaku, na alipoletwa shuleni kwetu, kando ya ziwa kati ya Homa Bay na Mbita, alikuwa mtu mzima ambaye hajawahi kuingia majini kupita magoti. Nyumba aliyopewa ilikuwa na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa. Wiki ile ile ya kwanza alilifunika kwa leso.

Sisi watoto wa wavuvi tulicheka sana. Wengine tulicheka ili tusionekane na sisi tunaogopa. Baba yangu alizama nikiwa mdogo, mtumbwi ukarudi bila yeye, na tangu hapo nililelewa na mdogo wake, baba mdogo, ambaye naye alikuwa mvuvi. Nilikuwa nikichota maji kila asubuhi nikiwa nimeukaza moyo kama mtu anayepita mbele ya mbwa mkali.

Hakujua Dholuo, nasi hatukujua Kikuria, kwa hiyo aliongea nasi Kiswahili, hata katika vipindi ambavyo vilitakiwa kuwa vya Kiingereza. Tulimwita Madam. Hakuficha uoga wake hata kidogo, na hilo ndilo lililotushangaza, maana walimu wengine tuliowajua hawakuwahi kukubali kwamba kuna kitu kinachowashinda.

Siku moja msichana mmoja darasani alimuuliza, "Madam, kwa nini wewe unazunguka njia ya juu, na ya huku chini ni fupi?"

"Kwa sababu naogopa."

Darasa zima likaangua kicheko. Akasubiri mpaka tukanyamaza wenyewe.

"Mmemaliza? Sasa sikilizeni. Kuogopa ni kazi ya moyo. Kuangalia ni kazi ya macho. Usimwachie mmoja afanye kazi ya mwenzake."

Alikuwa mtu wa sayansi, lakini akiota nyoka hasafiri siku hiyo, hata kama gari liko tayari. Alikuwa mpole kwa viluwiluwi na mkali kwetu. Ukikosea jibu hakukugusa. Ukimuua chura kwa mchezo, fimbo yake uliikumbuka muhula mzima. Kwenye harusi na matanga aliuliza bila haya kama maji ya kunywa yamechemshwa, na wenyeji wakanuna. Samaki hakula. Alisema harufu yake inamrudisha nyuma, halafu siku iliyofuata akaja darasani na kichwa cha mbuta ndani ya karai, akatufungulia mashavu yake kwa kidole, akatuonyesha pale ndani palivyo pekundu. "Hapa ndipo anapovutia pumzi," akasema, huku amegeuza uso pembeni ili asitapike. Sisi tulikuwa tumekula samaki tangu tuote meno, na hakuna aliyewahi kutuambia jinsi wanavyopumua.

Vifaa vya maabara havikuwepo. Alichukua balbu iliyoungua, akaitoa vitu vya ndani, akaijaza maji safi, ikawa kioo cha kukuza. Kwenye ukingo wa dirisha la darasa alipanga chupa za jemu alizoomba kwa wafanyabiashara wa soko la Rodi Kopany, na kila mmoja wetu alileta maji kutoka mahali pake: kwenye matete, kwenye miamba, pale wanawake wanapofulia, pale ng'ombe wanaponyweshwa. Humo tulifuga konokono, wadudu na fulu, wale samaki wadogo wasiozidi kidole. Ukiweka balbu mbele ya chupa uliona vidudu vinaruka ruka kama viroboto. Mara ya kwanza nilipoviona nilirudi nyuma nikamkanyaga mwenzangu. Nilikuwa nimevinywa maisha yangu yote.

Siku aliyoleta ramani ndiyo siku iliyonigeuza, ingawa sikujua. Aliitundika kwenye msumari, akaweka kidole juu ya ziwa letu.

"Haya maji yanakaa hapa?"

"Ndiyo, Madam!"

"Hapana. Yanatokea hapa, Jinja, yanakuwa mto." Kidole kikaanza kupanda. Kikapita kwenye vinamasi, kikapita nchi ambazo majina yake tuliyasikia redioni kwa habari za vita, kikapita jangwani kwa muda mrefu, mpaka kikafika kwenye rangi ya buluu juu kabisa. "Yanaingia baharini. Ukimwaga kitu hapa, kuna mtu huko hajui jina lako, lakini kitamfikia kidogo. Ziwa likiugua, bahari inakohoa."

"Madam umewahi kuiona bahari?"

"Bado. Na nikiiona nitasimama mbali."

Tulicheka tena, lakini mimi nilicheka kidogo. Tangu siku hiyo sikuweza kumwaga maji ya sufuria ziwani bila kumfikiria yule mtu wa mbali ambaye hajui jina langu.

Gugu maji lilikuwa limeanza kuingia miaka hiyo, mwanzoni mwa tisini. Asubuhi nyingine uliamka ukakuta ghuba imekuwa shamba la kijani, mitumbwi imenasa, na watu wanasema ndani yake mna nyoka na mamba. Samaki walipungua. Kwenye bichi yetu, pale mitumbwi inapotua, wanawake waliokuja kununua walikaa juu ya mabeseni matupu wakirushiana maneno. Nyumbani tulikula sukuma wiki na ugali, halafu ugali na chumvi.

Kisha ghafla, kwa baba mdogo, samaki wakarudi. Alitua na mtumbwi umejaa, yeye na wengine wachache. Watu walisema amepata baraka. Mimi ndiye niliyekuwa naanika nyavu zake, na asubuhi hizo nilizikuta kavu. Nilizishika, nikazinusa, nikaziacha pale pale. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula chakula chake na kulala kwake.

Jumatatu moja tuliingia darasani tukawakuta samaki wa chupa ya miamba wameelea wote, matumbo juu. Konokono walikuwa wametoka nje ya magamba wakalegea. Chupa nyingine zilikuwa salama.

Madam aliinua ile chupa, akainusa kama kawaida yake, kisha akairudisha polepole na kwenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili.

"Nani alibadilisha maji haya?"

"Mimi," nikasema. "Ijumaa, Madam. Kutoka miambani, kama siku zote."

"Usirudi kuchota hapo. Hata mmoja wenu asirudi. Na mtu asioge hapo."

Akaagiza maji mengine ya miambani yaletwe na mwanamume mmoja mfanyakazi wa shule, kwa ndoo ya kamba. Tukaweka fulu wapya. Kabla kipindi hakijaisha walianza kuzunguka kama vichaa, wakalala ubavu.  Nilimwona Madam akishika ukingo wa meza.

Alipotuacha twende mapumziko, aliniita.

"Atieno, sikuulizi ni nani anavua kwa sumu. Nauliza ni sumu gani. Ni dawa ya kupe?"

Nilitazama chini. Kule nyumbani, nyuma ya jiko, kulikuwa na mkebe wa dawa ya kuogeshea ng'ombe, na sisi hatukuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Sijui, Madam."

"Haya," akasema, na hakunisukuma.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa mwisho wa baba mdogo, msichana wa kutambaa, alianza kutokwa na mate kama povu. Akatapika, akalegea. Mama yake alipiga kelele, majirani wakasema ni kifafa, wengine wakasema kuna jicho baya. Walimpitisha mbele ya shule wakimkimbiza barabarani, na Madam akatoka. Alifungua kope za mtoto kwa kidole.

"Mboni zimekuwa kama tundu la sindano," akasema. "Mwambieni daktari ni sumu. Msiseme ni kifafa. Semeni sumu ya kunyunyizia. Mmesikia? Sumu!"

Walimfikisha Homa Bay akiwa hai, na kwa sababu neno lile lilisemwa mlangoni pa hospitali, madaktari walijua la kufanya. Mtoto alipona. Lakini baba mdogo hakurudi na shukrani. Alirudi na macho mekundu, akanikalisha kwenye kigoda.

"Huyo mwalimu alijuaje?"

"Aliangalia macho."

"Ni wewe ulimwambia?"

"Hapana, baba."

  Akasimama akatoka, na sikula siku hiyo.

Madam naye hakukaa kimya. Asubuhi ya soko alishuka bichi, yeye aliyekuwa hapiti hata njia ya chini, amevaa gambuti za mpira na kubeba chupa zake ndani ya kikapu. Wanawake wa samaki walikuwa wamejaa. Akasimama pakavu kabisa, mbali na maji, akaomba kila mtumbwi umpe maji kidogo yaliyokaa chini, yale yanayotolewa kwa kata.

"Ya nini?" mwenyekiti wa bichi akauliza.

"Ya wanafunzi."

Hawakuona ubaya. Wakampa. Alipanga chupa juu ya mbao ya kupimia samaki, akaweka fulu mmoja mmoja ndani. Watu wakasogea kama wanaotazama mazingaombwe. Fulu waliogelea. Kisha mmoja akaanza kugonga kioo kwa kichwa, akazunguka, akapinduka. Halafu mwingine. Ile chupa ya kwanza ilikuwa ya mtumbwi wa baba mdogo.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika samaki wake alimwachilia chini kama aliyeshika kaa la moto. "Na mimi nimelisha watoto!" akapiga kelele kwa Dholuo. Kikawa kishindo. Mabeseni yaligeuzwa. Wanunuzi kutoka Kendu Bay waliondoka bila kununua hata kwa wale ambao chupa zao zilikuwa salama, na hao ndio waliokasirika zaidi.

Mwanamume mmoja alimsogelea Madam mpaka pumzi zao zikakutana. "Wewe mwalimu, hapa si kwenu. Kwenu ni kule kwa tumbaku. Sisi tukilala njaa utatulisha chupa?"

"Sitaweza," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lakini mkila sumu, nitaweza kuwazika wote?"

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mlangoni pake aliwekewa samaki waliooza. Mtu alitupa jiwe likavunja lile dirisha, na leso ikabaki inapepea nje. Mwalimu mkuu alimwomba afundishe mimea kwa muda. Alifundisha mimea. Lakini chaki ilimkatikia mkononi mara kwa mara, na kila mlango ulipogongwa aliruka. Mimi nilikaa dawati la mbele, nikijua kwamba anayeogopwa ananilisha nyumbani, na anayeogopa ananifundisha hapa.

Alasiri moja baba mdogo aliniambia nimfuate. Tulipanda mpaka nyumba za walimu. Alikuwa ameshika kasia.  Njiani nilifikiria tu lile kasia na kichwa cha Madam.

Madam alifungua mlango, akatuona, akafunga nusu.

"Madam," baba mdogo akasema. "Ile dawa. Inakaa majini siku ngapi?"

"Kwa nini?"

"Mtoto wangu anaogeshwa hapo miambani. Mama yake anachota hapo."

"Sijui."

"Wewe si wa sayansi?"

"Ndiyo maana nasema sijui. Inabidi tuchote palepale mlipomwaga, tuangalie. Halafu tuchote tena baadaye."

"Pale mbele ya miamba kina ni kirefu. Ni mpaka mtumbwi."

Madam alitazama ziwa juu ya mabega yetu, kisha kasia, kisha mimi. "Atieno aje pia," akasema, akaingia kuchukua chupa.

Sijui watu wa bichi walifikiria nini walipomwona mwalimu wa sayansi akiingia mtumbwini mwa baba mdogo. Aliingia kwa mikono na magoti, kama anayepanda juu ya paa, akakaa chini kabisa ndani ya maji ya mtumbwi, akashika mbao pande zote mbili. Macho aliyafumba. Baba mdogo alisukuma, kisha akapiga kasia kupita kati ya magugu, yakisugua ubavu wa mtumbwi kwa sauti kama ya mtu anayeburuta gunia. Ufuko ulizibwa na majani. Hatukuonekana tena.

Pale katikati akaacha kupiga kasia.

Mtumbwi ukayumba polepole. Nilimtazama baba mdogo na sikuweza kuujua uso wake.

"Madam, unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Na umepanda mtumbwi wangu."

"Nimepanda."

"Hunijui mimi ni mtu wa namna gani."

Alifumbua macho. "Naogopa sana, baba wa mtoto. Kama unataka kunitupa, nitupe haraka. Kama hutaki, piga kasia, maana naona kizunguzungu."

Nilianza kulia bila sauti. Baba mdogo alikaa vile vile, kasia likidondosha maji magotini kwake. Kisha akainama na kulitia majini tena. Tulichota mbele ya miamba. Ni yeye aliyechota, akiwa amefunga mkono kwa mfuko wa plastiki kama Madam alivyomwagiza.

Fulu walikufa katika maji yale siku hiyo. Tulirudi baada ya siku kadhaa, wakafa tena lakini kwa kuchelewa. Tukarudi tena na tena, sisi watatu, na kila mara Madam aliingia kwa magoti na kutoka akitetemeka. Hakuzoea hata kidogo. Siku ambayo fulu waliamka wazima asubuhi, baba mdogo alisimama mbele ya dirisha la darasa letu, kofia mkononi, akiwatazama. Hakusema samahani. Mkebe wa nyuma ya jiko uliondoka, na muda si mrefu naye akahamia kisiwa cha Rusinga kuvua huko, sisi na mke wake tukabaki. Kama alimwaga tena dawa mahali pengine, sikujua, na niliogopa kuuliza.

Muhula uliofuata Madam hakuwepo. Tuliambiwa amehamishwa. Wazazi walisema ni wakubwa wa biashara ya samaki wamemfanyia hivyo, nasi tukaamini.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ya tisini, Migori mjini. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi Pwani, kusini kabisa karibu na mpaka, kulinda matumbawe na fukwe ambako kasa hutaga. Huko wako watu wanaovua kwa baruti. Unasikia mshindo chini ya maji, halafu samaki wanapanda juu weupe, na matumbawe yanabaki kifusi. Nilikuwa nimetaja mashua moja ya baruti kwa maofisa. Baada ya hapo wanaume wawili walianza kukaa mbele ya nyumba niliyopanga, wakitafuna miraa, bila kunisemesha. Niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka upande mwingine wa nchi. Nilijiambia naenda kusalimia nyumbani. Kweli ni kwamba nilitaka mtu mmoja aniambie nifanye nini.

Nilimkuta kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya msikiti, karibu na maduka. Alikuwa amenenepa, miguu imevimba, anafundisha shule ya huko huko. Alinitazama sana.

"Wewe ni yule uliyekuwa unasinzia baada ya chakula."

"Si mimi, Madam. Mimi ni Atieno. Wa mtumbwi."

"Ah." Akaninyooshea kiti. "Wa mtumbwi. Karibu, keti."

Alipika chai. Nilimweleza yote, baruti, maofisa, wale wanaume wawili. Nilitegemea aseme neno moja kati ya maneno yake ya zamani. Alikuna mguu wake.

"Rudi kwenu," akasema mwishoni. "Tafuta kazi nyingine. Wewe bado kijana."

Nilidhani ananijaribu. "Lakini Madam, wewe hukukimbia. Mpaka walipokuhamisha."

"Nani alinihamisha?"

"Walisema wakubwa wa samaki."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Niliomba mwenyewe, mama. Nilipeleka ombi mara tatu. Nilikuwa siwezi kulala. Kila mtu akipita nje nilikuwa nasimama nyuma ya mlango na panga. Waliponikubalia nililia kwa furaha, nikafunga virago siku hiyo hiyo." Akanitazama usoni bila haya. "Kwa hiyo mimi siwezi kukwambia ukae. Nitakuwa mwongo."

Niliinamisha kichwa juu ya kikombe. Nje adhana iliita, wenye maduka wakaanza kufunga milango yao ya mabati, na sisi tukawa tumekaa tu kama watu wawili waliokosana.

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka tu habari za zamani:

"Walimleta nani mahali pangu?"

Ningeweza kutaja jina lolote.

"Hawakuleta mtu, Madam. Kipindi cha sayansi tulikuwa tunafagia uwanja. Mpaka tulipomaliza shule."

"Mpaka mlipomaliza?"

"Ndiyo."

Aliondoa vikombe, akaviosha, akavifuta kimoja kimoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiwa amenipa mgongo. Nilipoaga alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia upesi.

Njiani nilijiuliza wangemleta nani mahali pangu, na wiki iliyofuata nilikuwa Pwani. Nilishuka kwenye basi na begi langu, nikatembea mpaka nyumbani. Wale wanaume wawili walikuwa pale pale mbele ya mlango. Mmoja alinisalimia kwa jina langu, la kwanza na la ukoo. Nikamwitikia, nikaingiza ufunguo, na asubuhi nikaenda kazini.